Mafuta ya Jikoni kwa Matango ya Wifi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, hanyunyizii dawa kama watu wengine. Anabeba bomba mgongoni na kupita kati ya matuta huku akikata kiuno, majirani wakimcheka uzioni. Waache wacheke. Mwenye haki ya kulalamika ni mimi, maana mafuta anayonyunyizia yanatoka jikoni kwangu.

Ndoa yake ilipovunjika alirudi nyumbani, na kitu pekee alichoweza kukiita chake ni yale matango nyuma ya nyumba. Msimu uliopita ukungu mweupe uliyamaliza yote, majani yakawa kama yamemwagiwa unga. Dawa za dukani zinambana kifua. Safari hii ukungu ulipotokea tena, mume wangu, fundi wa kuchomelea ambaye siku nyingi anakimezea mate kiwanja kile ajenge karakana, alisema, "Mwisho wa mwezi nang'oa."

Wifi akajifunga kibwebwe. Alichanganya maji, mafuta ya alizeti na sabuni ya maji kidogo. Mara ya kwanza alitembea taratibu kama bibi harusi. Mafuta yakaelea juu ya maji, kwa hiyo tuta la mwisho likapata mafuta matupu na majani yakaungua. Nilidhani atalia. Wapi! Kesho yake jua lilipopoa alirudi shambani akikata kiuno, bomba likisukwasukwa mgongoni.

"Yakitikiswa hayaachani," aliniambia.

Mwezi ulipoisha, mume wangu alikuja na jembe. Alishika jani la chini, bado jeupe.

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, dada. Ukungu si huu hapa?"

"Hilo lilishakufa, mdogo wangu. Mafuta hayafufui, yanakinga. Tazama juu."

Juu majani mapya yalikuwa ya kijani kitupu, hata kwenye tuta lililoungua. Aligeuza moja, akageuza jingine. Nilimwona anatafuta kosa, nami nikawa naomba asilipate.

Akaweka jembe chini. "Sasa leo umeshanyunyizia?"

"Bado. Kiuno kinaniuma," alisema wifi, na kabla hajajibiwa akamvika bomba mgongoni.

Mume wangu akaanza kutembea wima kama nguzo.

"Tikisa!" wifi alifoka. "Utaniunguzia matango yangu!"

Akatikisa. Uzio mzima ulilipuka kwa kicheko. Mimi nikaingia jikoni kuleta chupa nyingine ya mafuta, bila kuombwa.