Kipande cha Tatu

Katika kibanda changu cha kushonea hapa Kigoma nina wanafunzi watatu, na wote wananicheka kwa jambo moja. Mteja akileta kitenge cha yadi sita, kabla sijagusa chaki wala mkasi nakipima na kukikunja sehemu tatu, halafu theluthi ya mwisho naiweka kwenye kiti nyuma yangu, mbali na mkono. Wananiuliza kama hicho nacho si cha mteja. Nawaambia ni chake, na kitakaa pale mpaka aseme mwenyewe anakitakia nini. Kisha naendelea na kazi, lakini kichwa kimekwisha kufika Lubumbashi.

Niliingia Lubumbashi mwezi wa sita nikiwa na begi moja, futi ya kupimia na mkasi wangu. Ndugu aliyeniita alikuwa amekwisha kuhamia mji mwingine. Tena hakuna aliyekuwa amenionya kuhusu baridi. Mimi mtoto wa ziwani nilidhani Kongo yote ni joto. Asubuhi ya kwanza niliamka vidole vimekufa ganzi, pumzi inatoka mdomoni kama moshi.

Nilipata chumba huko Kampemba, ndani ya lupango, yaani kiwanja chenye ukuta mmoja na wapangaji wengi. Mwenye lupango alikuwa mama wa makamo, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Maniema, fundi cherehani. Alipouona mkasi wangu aliuchukua, akajaribu makali yake kwenye ukucha, akanirudishia.

"Mukasi inachungwa muzuri," alisema. "Basi na mwenyewe iko muntu wa kazi."

Akanipa kiti barazani, kwenye cherehani yake ya pili, ile ya kukanyaga kwa miguu. Kodi ya chumba tukakubaliana nitailipa kwa kushona. Kwa hiyo kile kiti ndicho kilichokuwa kitanda changu na paa langu. Ningekipoteza, ningekuwa nimepoteza vyote siku hiyohiyo.

Ukihamia nchi ya watu bila fedha, unajifunza kununua vitu kwa vipimo vidogo. Makaa nilinunua kwa kopo. Mafuta ya kupikia nilinunua yaliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni usiozidi kidole gumba. Asubuhi sikuwasha moto wangu. Nilisubiri mbabula ya mama mwenye lupango, lile jiko lao la bati, ikolee, ndipo niende na kijiko kuomba makaa mawili mekundu. Hakuwahi kuninyima, ila hakuwahi pia kunipa bila neno. "Tanzania," alikuwa akiniita hivyo, "mi nilizania kwenu kuko jua. Juu ya nini unatetemeka sawa kuku ya mvua?"

Raha yangu moja ilikuwa sokoni. Kulikuwa na mama aliyeuza dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika, ziwa letu. Mara ya kwanza harufu ile iliniingia puani nikiwa bado mbali, nikasimama katikati ya njia watu wakinigonga. Nilikuwa nikinunua kikopo kimoja kwa wiki. Yule mama akisha kupima, hutia kiganja kingine juu bila kuhesabu, ile nyongeza ambayo kule huiita mbasela, na kusema, "Hii ni ya kusalimia kwenu." Wiki nyingi neno hilo lilinitosha.

Sasa mama wa dagaa akawa anamwoza binti yake wa kwanza. Wakwe walikuwa watu wa Golf, mtaa wa majumba yenye bustani, na wangekuja nyumbani kwake Jumamosi. Alileta barazani kitambaa cha yadi sita, rangi ya samawati iliyoiva, chenye safu za majani makubwa ya dhahabu. Alikuwa amekitafuta muda mrefu, na muuzaji alimwambia ni cha mwisho. Mama mwenye lupango akampima, akaandika vipimo kwenye karatasi. Kesho yake akaitwa Likasi kwa dada yake mgonjwa.

"Umalizie ya mama wa dagaa," aliniambia akifunga kilemba. "Nitarudia siku ya tatu," yaani Jumatano.

Hapa sina budi kueleza nilivyofundishwa. Kwetu fundi mzuri ni yule asiyebakiza. Mteja amenunua yadi sita, basi zote sita azivae: gauni pana, mikono mikubwa, marinda. Ukimrudishia kipande atakuuliza kwa nini hukukitumia. Fundi aliyenilea alikuwa akiangalia chini ya meza yangu jioni, na akikuta tambara la ukubwa wa leso ananiuliza limefanya kosa gani mpaka likatupwa.

Basi nikashona blauzi, na sketi nikaishona iliyokwisha kabisa, ya kuvaa na kufunga zipu. Nikabaki na yadi mbili. Nikamfikiria yule mama na viganja vyake vya dagaa, nikasema mama huyu lazima apendeze. Nikakata zile yadi mbili vipande vinne vya mlalo, kwa uangalifu mkubwa, nikifuata nafasi ya giza kati ya safu na safu ili jani lolote lisikatwe. Nikavikusanya kuwa marinda manne kuzunguka sketi. Ilipomalizika niliitundika barazani na kuitazama kwa furaha nikinywa chai.

Mama mwenye lupango alirudi Jumatano mchana. Hakuweka hata mfuko chini.

"Kikwembe ya tatu iko wapi?"

Nikajua anauliza zile yadi mbili za mwisho, nikamwonyesha marinda.

Alikaa kwenye ngazi. Alinieleza polepole, na hilo nalikumbuka kuliko maneno yenyewe: hakupandisha sauti. "Angalia, mwanangu. Kitambaa ni bikwembe tatu. Moja ni ya blauzi. Moja ni ya kufunga. Ya tatu haiingiake mu mashini. Inafungwa yulu, ku kiuno, vile vile tu. Binti anafunga moja. Mwenye kuolewa anafunga mbili. Bantu bakimuona mu njia, banajua huyu ni mama. Sasa weye umemushonea mama wa bibi-arusi nguo ya bibi-arusi."

Niliwahi kuwaona wanawake wote wa Kampemba wakiwa na kile kitambaa cha pili kiunoni, juu ya kile cha kwanza. Niliwaona kila siku, nikadhani ni kwa ajili ya baridi.

"Nitafanya nini, mama?"

"Utaenda kumuambia. Weye mwenyewe, leo, na nguo mu mikono. Mi nikienda, itakuwa kosa ya baraza yangu. Akisema hakutaki tena hapa, mi sitaweza kukuchunga. Bantu bote ba soko banakuyaka kwangu juu yake."

Yaani wateja wake wote wa sokoni waliletwa na mama wa dagaa. Nikakunja nguo, nikaenda. Mama wa dagaa alikuwa akimpimia mteja. Aliifunua sketi kwa mkono mmoja, kopo bado liko kwenye mkono wa pili, akaigeuza mbele na nyuma.

"Na ya kufunga yulu?"

"Niliikata, mama. Sikujua. Ni kosa langu, si la mama mwenye lupango."

Jirani yake, muuza unga, alinyoosha shingo. "Ba Tanzania banavaaka robo moja," alisema, na robo ndilo gauni. "Ya soko ile ile, ya kilio ile ile. Mama na mutoto bote sawa."

"Siku ya Samdi ba bokilo bangu ba Golf batakuya," mama wa dagaa alisema, yaani wale wakwe wa Jumamosi, bila kumtazama yeyote. "Batanikuta nimesimama ku mulango, kiuno wazi, sawa mutoto wa masomo. Batasema binti yangu alilelewa na nani?"

Nikamwambia nitafumua, nitaunganisha vile vipande vinne virudi kuwa kimoja.

"Kikwembe ya mushono? Bataona."

"Nitauficha."

"Utaficha kwa nani? Banamuke banaangaliaka na bidole."

Nilikuwa nimeshika kikopo changu cha wiki. Alinipimia. Hakutia mbasela. Nilirudi na nguo kwapani na dagaa wangu waliosawazishwa mdomoni mwa kopo, na hakuna tusi ambalo lingeniuma zaidi.

Alhamisi alfajiri nilianza kufumua, uzi mmoja mmoja, kwa wembe. Wanafunzi wangu nawaambia: usivute, sikiliza uzi unapotaka kukatika. Vipande nilivipiga pasi ya makaa mpaka mikunjo ikalala. Bahati niliyokuwa nayo nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe bila kujua: kwa kuwa nilikata kwenye nafasi za giza, hakuna jani lililokuwa na jeraha. Niliunganisha kwa mshono wa kulaza, ambao kingo zote mbili hufichwa ndani na kushonwa mara mbili. Unakula nguo kidogo, upana wa kidole, lakini hauachii. Mishono mitatu. Mama mwenye lupango alipita nyuma yangu mara nyingi siku ile. Mara ya mwisho alipitisha kidole gumba juu ya mshono, macho amefumba.

"Nausikia," alisema. Halafu, "Lakini ni lazima muntu autafute."

Sketi nayo tuliifumua zipu, ikarudi kuwa kitambaa cha kufunga. Ijumaa nilipeleka. Mama wa dagaa aliipokea nguo, akaitia kwenye mfuko wake, akasema nije kesho kusaidia jikoni.

Jumamosi nilikuwa uani kwake nikisonga bukari, ugali wao mweupe, sufuria kubwa ya kusonga kwa mikono miwili, nikiwa na uwazi wa mlango mbele yangu. Wakwe waliingia. Mama wa bwana arusi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu, alimkumbatia mama wa dagaa, wakakaa pamoja. Mkono wake ukatua kwenye kile kitambaa cha juu, kama wanawake wanavyofanya wakisifu nguo. Ukatembea. Ukasimama.

Niliacha kusonga.

"Mama," alisema, "kikwembe yenu iko na mushono?"

Mama wa dagaa aliinua pindo la kitambaa, akaunyoosha mshono mbele ya wote ili waone vizuri.

"Iko na tatu," alisema. "Fundi wangu ni mugeni. Aliniona, akazania mi ndiye bibi-arusi, akanikatia marinda. Nikamuambia, mwanangu, mi niliolewa zamani, bwana yangu iko pale anasinzia."

Mumewe alishtuka kweli usingizini, akauliza kuna nini. Yule mama wa Golf alicheka mpaka akashika kiuno cha mwenzake, na mkono wake ukabaki palepale, juu ya mshono wangu, kwa muda mrefu. Bukari yangu ilikuwa imeshika chini. Niliikwangua na kuila mwenyewe, na ilikuwa tamu.

Wiki iliyofuata, juu ya kopo langu kulikuwa na viganja viwili.

Nilikaa kwenye kiti kile miaka minne. Muda mfupi kabla sijarudi Kigoma, mama wa dagaa alikuja barazani asubuhi, mgongoni amebeba mjukuu, mtoto mnene aliyelala kinywa wazi. Alikuwa amembeba kwa kitambaa kile cha samawati, rangi imepauka kwa kufuliwa. Alinigeuzia mgongo nione.

"Pima mushono yako," alisema. "Mutoto iko muzito sawa gunia, na haiyaachia."

Niliweka kidole gumba, nikafumba macho, nikautafuta.