Lori Linalotafuna Plagi

"Plagi si karanga, baba! Umeniwekea mpya juzi tu, lori limeshazitafuna. Au unaniuzia kuukuu umezipaka mate?"

Mama mkwe huyo, katikati ya gereji, mikono kiunoni. Wateja wametulia utadhani wamelipa kiingilio. Spana, fundi wa watu, akatamani ardhi ipasuke. Lori lenyewe la petroli, limemzidi umri, na leo mama kaapa: likigoma tena analipeleka kwa Mapengo, fundi wa ng'ambo ya barabara. Sasa fundi aliyeshindwa na lori la mkwewe, nani atamwamini hata na baiskeli?

"Mama, nipe leo tu."

Akafungua plagi. Zote nyeusi tii, masizi kama tako la sufuria. Masizi maana yake injini inabugia petroli kuliko hewa. Lakini kabureta alishaifungua mpaka wakazoeana, na chujio la hewa safi kabisa. Akakuna kichwa kwa bisibisi. Akazisugua plagi kwa msasa, akazirudisha.

"Twende wote, mama. Nione linavyokwenda."

"Unanipa mtihani mimi? Nimeanza kuendesha wewe unabebwa mgongoni!"

Mama akapanda, akavuta choki, ile ya kuongezea injini petroli ikiwa baridi. Lori likakohoa, likawaka. Spana akasubiri airudishe. Wapi! Mama akatundika mkoba wake pale pale, kwenye kishikio cha choki. Na mkoba wenyewe ni stoo: kufuli, tochi, chupa ya mafuta ya nywele, nyundo.

"Nyundo ya nini, mama?"

"Ya wenye midomo."

Spana akaitazama choki: kumbe siku zote haijawahi kurudi ndani! Umwambie mama mkwe kosa ni lake, halafu ukalale wapi?

"Mama," akasema, sauti imejaa asali, "mkoba wa heshima hivi unautundika kwenye chuma cha grisi? Hapana jamani! Hiki tukirudishe ndani, nikufungie ndoano yako mwenyewe."

Akairudisha choki ndani, akafunga ndoano nyuma ya kiti. Wakazunguka mtaa, lori likanguruma vizuri, moshi mweusi ukakatika.

Kurudi, mama akashuka kifua mbele.

"Mmeona? Lori lilikuwa linataka ndoano! Mapengo angejulia wapi? Mkwe wangu huyu, kichwa! Haya baba, sasa nifungie ya mwavuli, na ya koti, na..."

Spana alishabeba jeki, mguu mmoja uko barabarani.

"Kuna mtu breki zake hazishiki, mama. Ngoja nimuwahi kabla hajaniwahi yeye!"