Jina la Nne

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya mawakili mjini Moshi, Wakili Mkuu alinipa daftari la wanahisa, lile linaloonyesha kila mwenye hisa katika kampuni, akaniambia, "Binti, mtu akifa kampuni haifi. Hisa zake zinapita kwa warithi, ila zinapitia mlango wa mahakama."

Nilikuwa karani wa sheria. Nilihamishiwa tawi letu la mji wa Mkuu, wilayani Rombo, kisha nikarudishwa Moshi, na hapo ndipo alipokuja Mama Aikande wa Machame. Mumewe, aliyekuwa na kampuni ya kukoboa kahawa pamoja na mwenzake mmoja, alikuwa amefariki. Mwenzake huyo, ambaye ndiye Mkurugenzi, alimzuia mjane kuingia mkutano wa wanahisa.

"Ameniambia kampuni si kihamba, si shamba la ukoo, eti hairithiwi," alisema.

Wakili Mkuu alifungua katiba ya kampuni. "Inarithiwa, mama. Lakini kwanza tuombe barua za usimamizi wa mirathi. Ukizipata, hawezi kukuzuia."

Nikaketi na Mama Aikande kuandaa orodha ya warithi. Muhtasari wa kikao cha ukoo ulimtaja yeye na watoto watatu. Alitaja watatu hao, kisha akanitajia jina la nne, la msichana.

"Shikamoo tena, mama," nilisema, maana sikujua nianzie wapi. "Huyu hayumo kwenye muhtasari."

"Marahaba. Ni wa mume wangu, kwa mwanamke mwingine. Nimeambiwa msibani."

"Ukoo unajua?"

"Watajua wakisoma."

Wakili Mkuu alivua miwani. "Unaelewa kwamba fungu la wanao litapungua?"

"Naelewa. Lakini nitaapa mbele ya hakimu kwamba hawa ndio warithi wote. Nitaapaje uongo juu ya kaburi ambalo udongo wake haujakauka?" Akaendelea, "Mama yake nilimchukia, sikatai. Kisha nikamwona mtoto. Ana masikio ya mume wangu. Sasa nimchukie kwa lipi?"

Nikaliandika jina la nne chini ya yale matatu.

Ukoo ulikasirika. Ndugu mmoja wa marehemu alisimama mahakamani akapinga jina hilo. Mama Aikande alimshika msichana mkono, wakasimama pamoja mpaka mama wa msichana na mzee mmoja wa kanisa walipomaliza ushahidi wao. Hakimu akampa Mama Aikande usimamizi, na orodha ikabaki na majina yote.

Tulipopeleka barua zile kwenye kampuni, Mkurugenzi alizisoma mara mbili. Alipofika kwenye orodha akamtazama mjane. "Umemwandika wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Alisogeza kiti kilichokuwa cha marehemu. "Karibu uketi, shemeji. Mkutano haujaanza."

Baadaye hisa zikagawanywa, nami nikaandika wanahisa wapya daftarini, msichana yule akiwa miongoni mwao.

Nimestaafu sasa. Sheria nilizojifunza ni nyingi, na baadhi zimebadilika. Ila tangu siku ile, kila familia iliyokuja kuandikisha warithi ikafika mwisho wa orodha, niliweka kalamu mezani, nikauliza taratibu, "Na mwingine?" Kisha nikangoja. Mara nyingi walitikisa kichwa. Wachache walitazama chini kwa muda mrefu, halafu wakalitaja jina.