Mzaha wa Vuvuzela

Mchana ule wadi ilikuwa imetulia, na sisi manesi watatu tulikuwa tunakunja vitambaa vya vidonda. Ni hospitali ndogo ya uzazi huku mtaani Mowlem. Sista mkubwa, aliyenifundisha kukata kitovu, alitoa fomu za chama cha wauguzi kwenye mfuko wa sare yake. Rafiki yangu, niliyeanza naye kazi, akachukua kalamu.

Mimi hupenda kuchekesha watu. Chama nilikuwa nakijua kwa kuona kwenye TV tu, manesi wakigoma barabarani na vuvuzela.

“Sista, mimi siwezi kumwacha mama kichwa cha mtoto kimeshatokea, ati naenda kupuliza vuvuzela.”

Rafiki yangu alicheka hadi vitambaa vikaanguka. Nikaongeza kwamba ukisaini unafutwa kazi, na kwamba sisi wa kandarasi haturuhusiwi hata kujiunga. Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote. Kalamu ikarudi mezani. Sista akakunja fomu zake, akazirudisha mfukoni.

Baadaye rafiki yangu alipata mimba ya kumsumbua, akakosa zamu mbili. Akaitwa ofisini. Aliingia peke yake, akatoka amesaini karatasi ambayo hakuisoma vizuri, kumbe ni barua ya kuacha kazi kwa hiari. Barua ya daktari ya kueleza kwa nini alikosa zamu ilikuwa bado mfukoni mwake. Aliogopa kuitoa.

Nilimkimbilia sista. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

“Angekuwa mwanachama ningeingia naye,” alisema. “Kazi yangu nyingi kwenye chama ni hiyo, kukaa kando ya mtu akiitwa. Mgomo nimeuona mara moja, na hata siku hiyo tulipanga nani abaki na akina mama.”

Nikamuuliza kuhusu kandarasi.

“Hata mimi niko kandarasi, mwanangu.”

Nilisaini siku hiyohiyo. Yeye, rafiki yangu, sasa anauza mitumba ya watoto Mathare, mtoto wake mgongoni. Nikipita ananiita, “Niaje, Vuvuzela,” halafu anawasimulia wateja ule mzaha wangu, mpaka anaigiza kwa mikono. Watu wanacheka. Mimi pia nacheka, huku nikijiambia leo nitamwambia kwamba yote niliyosema yalikuwa uongo. Halafu nachagua soksi, nalipa, naondoka.

Nyumbani nina soksi za watoto droo nzima, na sina mtoto.