Picha ya Mama Katika Nyumba ya Mdhamini

Wasifu wa marehemu niliuandika mimi. Wanawe walinipigia simu kutoka hospitalini Mbeya, wakasema hakuna anayemjua baba yao kwenye mambo ya sanaa kunishinda, na ilikuwa kweli. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mtunzaji wa makumbusho madogo ya sanaa hapa Msasani, mjini Tukuyu, naye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wadhamini. Niliandika kwamba aliwapenda wasanii wa Rungwe kuliko alivyojipenda mwenyewe. Nikayasoma hayo mbele ya jeneza, mvua ikipiga turubai, nikalia. Machozi yale nayaonea aibu mpaka leo.

Sisemi hakutupenda. Alikuwa mnunuzi wa kahawa, akipita vijijini na gari lake, na kila alipokuta kinyago, chungu au picha iliyomgusa, alisimama. Nyumba ya makumbusho aliijenga yeye. Siku ya kuifungua alisimama mlangoni akatangaza kwamba kuanzia siku ile ni mali ya watu wa Rungwe. Tulipiga makofi. Hakuna aliyeuliza maandishi.

Baba yangu alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba kule Masoko. Rangi zilizobaki alizichorea picha kwenye vipande vya mbao. Kwenye kimojawapo alimchora mama amekaa kwenye ngazi ya jikoni, anachambua maharage, kichwa kimeinama kidogo. Mama alipofariki ndipo tulipogundua kwamba hatukuwa na picha yake nyingine yoyote. Yule mzee wa makumbusho alikuja mara tatu kuiomba.

"Hapa kwako moshi utaimaliza," alimwambia baba. "Kwangu itatunzwa, na utakuja kuiona siku yoyote utakayo."

Baba akakubali. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ndaga fijo," asante sana kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini kama mtu aliyeko kanisani. Mwaka uliofuata akaniajiri.

Baba alikuja kila baada ya mavuno ya kahawa, amevaa koti lake la Jumapili. Alisimama mbele ya ile picha, mikono nyuma, halafu akaniuliza kama nimekula. Mimi kazi yangu kubwa ilikuwa kupigana na unyevu. Mvua ya Tukuyu haina likizo, na mbao huota ukungu haraka. Kila asubuhi niliwasha jiko la mkaa, nikazifuta picha moja moja kwa kitambaa kikavu.

Wadhamini walikuwa watatu. Wawili walitangulia kufa, na nafasi zao zikabaki wazi. Siku moja nikajipa moyo.

"Mzee, tuteue wengine. Na hati ya nyumba je, imeshabadilishwa?"

Akanigusa bega. "Binti yangu, mimi na nyumba hii ni kitu kimoja. Una wasiwasi gani?"

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mume wangu maneno hayo kwa fahari.

Matanga yalipoisha, wanawe walikuja na kufuli jipya. Mkubwa wao, anayeishi Dar es Salaam, alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulioniuma. Hati ilikuwa na jina la baba yao peke yake. Vilivyomo ndani navyo wakavihesabu kuwa vya baba yao, na mnunuzi wa Dar alikuwa ameshapatikana.

"Ile ya mwanamke na maharage ni mama yangu," nikamwambia. "Baba yangu aliiweka hapa itunzwe tu."

"Pole sana, dada. Una karatasi yoyote?"

"Sina. Baba yako alijua."

"Baba hayupo. Na nikikupa wewe, kesho watakuja wengine kumi. Nitawajibu nini?"

Nilikwenda ofisi ya kata, nako wakaniuliza karatasi ileile. Siku ya kupakia, vijana walioletwa walikuwa wakizirusha mbao kwenye gari kama kuni. Nikashindwa kuvumilia. Nikawaambia wakae pembeni, nikazifunga mwenyewe, zote. Mama nilimviringisha kwenye blanketi langu la nyumbani, nikakaza kamba, nikamkabidhi dereva.

Jioni hiyo nilikwenda Masoko kumweleza baba. Nilimkuta anamenya ndizi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Uliifunga vizuri?"

"Ndiyo, baba."

"Blanketi lilikuwa kavu?"

"Lilikuwa kavu."

Akaendelea kumenya. Hajaniuliza tena, na koti lile la Jumapili siku hizi halivai hata kwenda kanisani.

Nyumba wamewapangishia wafanyabiashara wa parachichi. Nikipita naona makreti yamefika darini, na ukuta umeanza kuota kijani. Mjini bado wanamsifu yule mzee, na wakinikuta huniambia, "Tumepoteza mtu." Huwa naitikia, kwa sababu ni kweli. Lakini alikuwa na miaka yote ile, na hati yenyewe, mke wake ameniambia, ilikaa kwenye droo ya kitanda chake. Ilihitaji asubuhi moja tu ya kwenda kwa wakili. Hakwenda. Kama alisahau, au kama hakutaka, sitajua, na zipo siku sitaki hata kujua.