Fiche yenye haikupataka mwenzake

Break yetu, gari ya mugongo murefu wa kubeba mizigo, ilikuwa na macho ya manjano. Leo gari zinapita hapa Butembo na mataa meupe ya kuchoma macho, na mimi nawaza tu ile yetu, ginsi mwangaza yake ilikuwa ya pole, rangi ya mawese mu chupa. Ilikuwa gari ya Ba-Allemands, batu ba Ujerumani, ya zamani hata siku ile tuliipata. Padri moja muzungu alikuwa anarudia kwao, akaiachia bwana yangu, juu bwana yangu ndiye alikuwa anatengenezaka mashini ya paroisse, kanisa yao.

Vita ilikuwa imeshapita mara ya kwanza, ikarudia tena. Lakini batu balikuwa banakula, basi sisi tulikuwa tunauzisha. Viazi na maharagi ya Lubero tunapeleka Beni, na Beni tunarudisha mawese na muchele. Tukichelewa tunalala Mulekera, pale pale Beni, kwa dada ya bwana yangu. Nilikuwa mama kijana wa batoto babili.

Ile gari ilitufundisha polepole. Karibu na usukani kulikuwa kagurudumu kadogo, kako na namba, toka sifuri mpaka tatu. Tulikaa na kale kagurudumu bila kujua kazi yake. Siku moja tukapakia viazi nyuma kupita kiasi, gari ikainua pua, mataa ikaanza kumulika madirisha ya batu, barabara ikabaki giza. Bwana yangu akageuza kale kagurudumu, akashuka, akaangalia ukuta ya jirani, akaanza kucheka peke yake.

"Mama batoto, kuya uone! Inainamisha macho!"

Kweli, ukigeuza, mwangaza inashuka, ukirudisha, inapanda. "Hawa batu," akasema, "balifikiria hata viazi vya Lubero."

Ingine ilikuwa hii: ukizima moteur na kuacha kifimbo cha clignotant, ile taa ya kuonyesha unageuka, upande moja, taa ndogo za upande ule tu zinabaki kuwaka, mbele na nyuma, ili gari ingine isikugonge kama umesimama pembeni ya barabara. Siku hizi siioni tena. Mama mukwe yangu alikuwa anaichekelea: "Gari yenu inalala na jicho moja, sawa sentinelle wa kulinda paroisse."

Mais kitu chenye bwana yangu alipenda kupita yote ni zile fiche. Fiche ni kile kichwa cha plastiki penye nyaya zinaungana, moja dume, moja jike. Mu gari yetu kulikuwa fiche mingi za kuninginia bure, haziunganiki na kitu. Wale batu ba Ulaya balikuwa banaweka nyaya za namna moja mu gari zote, halafu vitu vyenyewe banaweka tu mu gari ya mwenye alilipa zaidi. Padri hakulipa zaidi. Basi nyaya zilibaki zinangojea.

Siku ya Yezu, Jumapili, bwana yangu hakufanyaka kazi. "Mais kuangalia si kazi," alisema. Tukitoka misa anavua shati ya kanisa, anafungula capot, kifuniko ya moteur, na mimi naitwa. Nilikuwa nasoma cours du soir, masomo ya mangaribi ya bamama, pale paroisse, nimeanza kujua kusoma Kifaransa, basi ananipatia kifuniko ya fusibles, vile vidude vya kulinda umeme, nisome maandiko yake. Ilikuwa Kijerumani! Nilisoma tu kwa sauti, hakuna mutu mwenye alisikia maana, na yeye anatingisha kichwa sawa mutu anasikiliza Injili.

Alikuwa na ginsi yake ya kutambua. Kama fiche ilishapataka mwenzake halafu wakaachanishwa, meno yake ya chuma iko na mikwaruzo. Kama haikupataka mwenzake hata siku moja, meno inangaa. Halafu anafuata waya na kidole, anaona inaelekea wapi. Ginsi hiyo alijua kama zile mbili za mbele ni za vifagio vidogo vya kupanguzia phares, yale macho ya mbele. Batoto walicheka mpaka wakaanguka: gari ya kupanguza macho! Ya chini ya kiti alijua ni ya kupashia kiti moto. Nilimwambia hiyo aitafutie haraka kitu yake, juu Lubero baridi iko nyingi na mimi ndiye ninakaaka pale. "Itakuya," alisema. Aliamini siku moja atapata gari ya namna ile imekufa mahali, atoe vitu, kila fiche ipate mwenzake.

Moja tu ilimushinda. Ilikuwa chini ya usukani, nyeusi, ya meno mingi. Waya yake ilipotelea ndani ya tôle, bati ya gari. Aliifunga mu kasashi, kamufuko ka plastiki, isiingie mavumbi, na mimi nikatundika rozari yangu pale. Kuitundika ku kioo kama batu bengine sikuweza, juu basoda ku barrière, pale wanafunga barabara, walikuwa banachukua kila kitu chenye kinaninginia. Pale chini, niliona, hakuna mwenye ataiona.

Siku moja asubuhi tulikuwa tunatoka Butembo na viazi. Ku barrière soda moja kijana akaingiza kichwa mu gari, akaona rozari, akaivuta. Haikukuya peke yake. Ilikuya na fiche, na kasashi, na waya.

"Oyo eza nini?" akauliza mu Lingala. Halafu mu Swahili: "Papa, hii ni nini?"

"Fiche, muzee."

"Naona ni fiche. Fiche ya nini?"

Bwana yangu hakujuaka kusema uongo. "Sijui," akasema.

"Gari ni ya nani?"

"Yangu."

"Gari yako, na fiche yake hujui? Na bibi yako unamujua?"

"Huyu namujua," bwana yangu akajibu. Hakuwa anafanya mchezo, mais basoda bengine wakacheka.

Yule kijana hakucheka. Alitoa kasashi, meno ya fiche ikangaa ku jua. "Muangalie! Walichomoa kitu jana tu. Na wakafunga ili tusione. Papa, phonie umeificha wapi?"

Wakati ule phonie, ile redio ya kusemea mbali, ilikuwa neno mbaya. Wakikukuta nayo bila ruhusa, maana yake unaongea na wale wa upande mwingine. Kuko batu balipelekwa juu ya ile neno, na bibi zao bakabaki banauliza ku kila kachot, chumba ya kufungia batu.

"Inangaa juu haijafanya kazi," bwana yangu akasema. "Fiche yenye ilifanya kazi inakwaruzika."

"Unanifundisha?"

Wakamuita commandant. Alikuwa anakaa mbele ya duka, anakula muhindi ya kuchoma. Alikuya na muhindi yake, akaangalia fiche, akaangalia bwana yangu, akasema na mudomo umejaa: "Apelekwe. Gari ibaki."

Nilikuwa nasali Salamu Maria mu roho. Sikufika mwisho. Nyuma ya commandant niliona gari nyeupe, imeegeshwa ku kivuli. Sura ilikuwa ile ile ya yetu, pua ile ile. Kila mutu Butembo alijua ni gari ya muchuuzi moja mwenye alikimbilia Uganda.

"Commandant, pardon. Ile gari nyeupe ni yako?"

Akageuka, akaiangalia. "Ni yangu."

"Ile na yetu ni mapacha. Tumbo ni moja. Tafazali, mutume mutu aangalie chini ya usukani, pale pale penye hii ilitoka."

"Na kama haiko?"

"Basi mutupeleke wote babili."

Bwana yangu akaniangalia. Ndani ya ile gari hakufikaka. Mimi vilevile.

Yule kijana akaenda, akaingiza kichwa chini, miguu ikabaki inje. Tulingoja. Halafu akatoka, akasimama wima.

"Nini?" commandant akauliza.

"Afande... iko."

"Iko nini?"

"Fiche. Na inangaa."

Halafu soda moja muzee wa pale barrière akasema, pole tu: "Afande, na wewe phonie umeificha wapi?"

Niliona kama sasa tutakufa wote. Mais commandant mwenyewe alianza kucheka, punje ya muhindi ikamuruka mudomoni. Akamuita bwana yangu ku gari nyeupe, akamuonyesha kagurudumu ka namba: "Na hii je?" Bwana yangu akawasha phares, akageuza, mwangaza ikashuka ku mulango ya duka, ikapanda. Commandant akaigeuza mwenyewe, akarudia, akarudia, sawa mutoto. Kisha akaturudishia karatasi zetu, na rozari.

"Papa, mupite. Mais sikia: mimi niko na gari kama yako. Wale wa barrière ya mbele hawana."

Tulienda pole. Tukiwa bado hatujafika barrière ya Maboya, bwana yangu akasimamisha gari pembeni, akatoa pince, koleo ya kukata nyaya, mu coffre ya nyuma. Alifungula capot, nikasikia pince inauma: ta, ta. Fiche za vifagio vya phares zikaenda. Akakuya chini ya usukani, ta. Halafu akainama ku kiti changu.

"Acha hiyo moja," nikasema. "Lubero kuna baridi."

Akacheka kidogo, mukono juu ya goti yangu. "Utavaa gilet ya baridi," akasema, na akaikata.

Alifunga mwisho ya kila waya na chatterton nyeusi, utepe ya umeme, muzuri, bila haraka, akatupa zile fiche mu majani. Niliziangalia pale mu umande, zinangaa bado.

Ku barrière ya Maboya soda akapitisha mukono chini ya usukani, akaupitisha chini ya kiti, akautoa mutupu.

"Hakuna kitu," akasema.

"Hakuna kitu," bwana yangu akajibu, akaweka gia ya première, tukaenda Beni.