Mama Eveline na hukumu iliyojificha nyuma ya jina la pili

Saa mbili kasorobo asubuhi, na Iringa bado ina baridi ya kuuma masikio. Eveline Kalinga, 56, amefunga kanga juu ya sweta na anafuta vumbi kwenye migongo ya vitabu vinene vya ripoti za sheria. Juzuu moja imerudishwa kichwa chini. Anaigeuza huku akinung'unika.

“Wanasheria hawa,” anasema. “Wanajua haki za kila mtu, ila haki ya kitabu hawaijui.”

Ana miaka ishirini na sita akiwa mhudumu wa maktaba ya sheria ya chuo kimoja mjini hapa. Shahada hana. Aliishia kidato cha nne, akaongeza kozi ya ukutubi ya miezi sita. Lakini wakili anayesaka hukumu ya zamani, iliyoko kitabuni na si kwenye simu, lazima apande ngazi hadi kwake.

Jumanne hii anayepanda ni Nusrat Shamsudin, wakili mwenye miaka mitatu tu kazini.

“Shikamoo mama. Nimekwama.”

“Marahaba. Kaa kwanza upumue, mwanangu.”

Aliyekwama hasa ni mteja wake, Anania Mgaya, mkulima wa Igowole. Baraza la ardhi lilimpa mtu mwingine ekari tatu za chai ambazo mzee huyo alizipanda na marehemu mkewe. Akakata rufaa, lakini upande wa pili umeweka pingamizi kwamba amechelewa siku kumi na tisa. Mzee anasema siku hizo zote alikuwa akisubiri kupewa nakala ya hukumu. Pingamizi linasikilizwa keshokutwa. Likikubaliwa, rufaa imekufa na shamba limekwenda.

Nusrat amesikia ipo hukumu ya zamani iliyomwokoa mtu mwenye shida kama hiyo. Ameitafuta mtandaoni siku mbili, ameambulia patupu. Mkononi ana karatasi yenye majina ya pande mbili, mwaka na ukurasa wa 114, alivyovinakili kwenye hoja za wakili mwenzake.

Eveline anafungua juzuu ya mwaka huo, ukurasa wa 114. Anakuta kesi ya wizi wa mabati.

“Huyo mwenzako naye alinakili kwa mwenzake,” anacheka. “Kitabu chenyewe hakuna aliyekifungua.”

Kisha kazi inaanza. Huenda mwaka ulioandikwa, anaeleza, ni mwaka hukumu iliposomwa, lakini ikachapwa kwenye juzuu ya baadaye. Anatoa juzuu ya mwaka unaofuata na kupitisha kidole kwenye orodha ya kesi iliyoko mwanzoni. Hakuna. Anatoa nyingine. Hakuna. Inapofika saa nne, Nusrat anasema labda waache tu, atajitetea kwa kifungu cha sheria peke yake.

“Nani kakwambia tumeshindwa?” Eveline anamkatiza. “Kule mahakama ya chini kesi hiyo ilikoanzia, nani alishinda?”

Nusrat hajui. Basi Eveline anamweleza kitu ambacho chuoni huenda alikisinzilia. Kwenye rufaa, jina la aliyekata rufaa ndilo linalotangulia, hata kama kesi ilipoanza lilikuwa la nyuma. Orodha ya kitabu nayo hufuata jina la mbele. Anarudi kwenye juzuu ya kwanza, na sasa anatafuta lile jina la pili. Lipo, ukurasa wa 241.

Nusrat anapiga makofi, humo humo maktabani. Anataka kukimbilia mashine ya fotokopi, lakini Eveline amekishika kitabu.

“Bado. Hatujajua kama iko hai.”

Hapo uso wake unabadilika. Mwaka wake wa pili kazini, alimpatia wakili mmoja hukumu bila kuangalia juzuu zilizofuata. Kumbe mahakama ya juu ilikuwa imeshaitengua. Mteja wa wakili huyo, mjane wa Mgololo, alipoteza nyumba.

“Yule mjane alikuja hapa baadaye,” Eveline anakumbuka. “Hata hakunigombeza. Aliniuliza tu, ‘Mama, we ndo ulitafuta?’ Nikamjibu ndiyo. Mpaka leo naumia.”

Tangu siku hiyo, hukumu haitoki mikononi mwake bila kufuatiliwa. Anashusha juzuu thelathini na moja, moja baada ya nyingine, akipekua kurasa zinazotaja kesi za zamani zilizorejewa na majaji. Chai yake inapoa na chakula cha mchana kinampita. Saa tisa alasiri anaifunga ya mwisho. Majaji wameirejea hukumu ile mara nne, na mara zote wameikubali.

“Sasa kapige kopi,” anasema.

Alhamisi, jaji alilitupilia mbali pingamizi. Shamba halijarudi, lakini rufaa itasikilizwa mwezi ujao.

Wiki iliyofuata Mzee Anania alipanda ngazi mwenyewe, kofia mkononi. “Kamwene,” alimsalimia Eveline, akaomba kukiona hicho kitabu. Kimeandikwa Kiingereza, kwa hiyo Eveline alimsomea polepole kwa Kiswahili, habari za mkulima mwingine aliyesubiri nakala ya hukumu karibu miezi miwili.

“Na huyo mwenzangu, shamba alilipata?” mzee aliuliza.

“Kitabu hakisemi, baba. Kinaishia pale aliporuhusiwa kusikilizwa.”



Eveline atastaafu baada ya miaka minne. Kabla ya hapo anataka kila kesi iliyomo humu iwe na kadi mbili, moja kwa kila jina, ili wakili ajaye asipoteze asubuhi nzima. Amefika kwenye kesi za katikati ya miaka ya themanini na hana mpango wa kupumzika.

Ila kuna siku moja mwezi ujao ambayo ameshaiombea ruhusa.

“Nimetafuta kesi miaka yote hii,” anasema, “na sijawahi kukaa mahakamani hata siku moja. Hii nakwenda kukaa benchi la nyuma mpaka niisikie mwisho wake.”